Lala Chali, Madam

Nimesimamia mitihani kwa miaka ishirini na saba katika shule za msingi za Njoro. Nimewakamata watoto wenye majibu kwenye soksi, kwenye rula, hata kwenye mkono chini ya saa ya kuazima. Lakini sijawahi kumkamata mwizi wa mtihani aliyenishinda mimi mwenyewe, na mtihani wenyewe ulikuwa wa pumzi zangu.

Nayaandika haya kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, simu ikiwa imeegemezwa kwenye mto, kwa sababu vidole vingine vimegoma. Namwandikia mtu ambaye wiki hii ametoka kwa daktari na karatasi yenye jina refu la Kiingereza, ameambiwa arudi kupimwa jinsi anavyopumua, na tayari anawaza atafanyaje ili apite. Mimi nilipita mara mbili. Kupita huko nusura kuniue.

Ugonjwa ulianza na chaki. Iliponiponyoka mara ya kwanza niliicheka. Mara ya pili watoto wakacheka. Kufikia mwisho wa muhula nilikuwa naandika ubaoni kwa kushika kiganja cha kulia kwa mkono wa kushoto, na pale kati ya kidole gumba na cha shahada nyama ilikuwa imekwisha, pamebaki shimo. Nikikaa kimya jioni niliona misuli ya bega ikicheza yenyewe chini ya ngozi, kama ya ng'ombe anayefukuza nzi.

Mimi na mume wangu tulizunguka hospitali mwaka mzima. Daktari wa kwanza alisema ni shingo. Wa pili akasema ni presha. Wa tatu alinidunga sindano za vitamini hadi nikakosa pa kukalia. Akina mama wa kanisa walikuja wakaniwekea mikono, na mama mkwe akapiga simu kutoka Bungoma kusema ni mtu amenitupia kitu kwa ajili ya cheo cha naibu mwalimu mkuu. Nilimjibu kwamba cheo chenyewe sikukipata, kwa hivyo huyo mchawi alikuwa amekosea nyumba.

Februari, vumbi la Nakuru likiwa limepanda hadi kwenye vikombe vya chai, daktari wa neva alinikalisha na kuutaja ugonjwa kwa jina: motor neurone. Alisema neva zinazoamrisha misuli zinakufa polepole, kwamba hakuna dawa ya kuzifufua, lakini yapo mengi ya kufanya ili mtu aishi vizuri na aishi zaidi. Mimi nilisikia nusu ya kwanza peke yake. Kisha akaongeza kwamba msuli wa kuchungwa zaidi si wa mkono wala wa mguu, ni wa kupumua, na kwamba tutaupima kila baada ya miezi mitatu.

Kila miezi mitatu. Hilo nililielewa vizuri sana. Ulikuwa muhula, na mwisho wa muhula kuna mtihani.

Chumba cha kupimia kiko mwisho wa ukumbi, na benchi la kungojea limeegemea ukuta wake, kwa hivyo kila anayengoja humsikia anayepimwa. Mpimaji ni Chebet, msichana mwembamba kutoka upande wa Kuresoi ambaye wagonjwa wote tunamwita daktari ingawa yeye hukataa. Anakubana pua kwa kibanio, anakuwekea mrija mdomoni, anakuambia uvute hewa mpaka kifua kijae, halafu anaanza kupiga kelele.

"Toa! Toa, toa, toa! Usiachilie, bado iko! Bado iko, Madam! Maliza!"

Utadhani anamshangilia mwanariadha kwenye raundi ya mwisho. Unapuliza mpaka unaona nyota, halafu anasema, "Sawa. Mara mbili tena."

Siku ya kwanza, mwisho wa Machi, nilipata tisini na moja. Alinieleza kwamba ni tisini na moja kwa mia ya kile kinachotarajiwa kwa mwanamke wa umri na urefu wangu. Sikuhitaji maelezo. Nilitoka mle kifua mbele, nikampita Barasa, mume wangu, bila kumngoja, mkono wangu mbovu ukiwa mfukoni kama vile hauko. Nilikuwa nimefaulu.

Lakini kabla ya kutoka nilikuwa nimeuliza swali la wazazi wote: na anayeanguka? Chebet alisema nguvu ikishuka sana wanaleta mashine yenye barakoa ya kuvaa usoni wakati wa kulala, ikusaidie kusukuma hewa. Alisema kwa wepesi, huku akitupa mrija wangu. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimemtembelea mwenzetu wa kwaya wodini, amefungwa barakoa ya mashine usoni, akanipungia mkono Jumapili na Jumanne tukapigiwa simu kwamba ametutoka. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine kabisa, lakini mimi nilishaiunganisha mashine na ile Jumanne. Nikaapa moyoni kwamba hiyo mashine haitaingia kwangu, na njia ya kuizuia niliijua tangu utotoni: soma, ujiandae, upate alama.

Nikajiandaa kama mtahiniwa. Kila asubuhi niliwasha jiko mwenyewe na kulipuliza, nikihesabu pumzi ngapi zinatosha makaa kushika. Shuleni nilijipima kwa rejista. Watoto wangu wa gredi ya sita walikuwa arobaini na sita, na nilikuwa na desturi ya kuita majina haraka, kwa hivyo nikaanza kuona ni majina mangapi yanaingia kwenye pumzi moja. Mwanzoni nilifika thelathini na moja. Kufikia Juni nilikuwa naishia kwa yule wa ishirini na mbili. Nilijiambia kwamba wazazi wa siku hizi wanawapa watoto majina marefu.

Mvua ndefu zilipoanza, wenye ngano wakipanda, niligundua jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Nikilala chali, ilikuwa kama mtu mzima amekuja kunikalia kifuani. Nikaongeza mto wa pili. Nikaongeza wa tatu. Binti yetu Nanjala, anayesoma chuo kikuu hapa Njoro na kulala nyumbani, alinikunjia godoro lake la bweni la zamani nikaliweka chini ya mito. Mwisho nikahamia kiti cha sebuleni, kile chenye mikono mipana, nikasema kitanda kinaniumiza mgongo. Asubuhi niliamka na kichwa kinachogonga, nikasema ni mafua ya baridi ya Njoro.

Kabla ya kupuliza, Chebet huwa ana karatasi ya maswali. Hapa ndipo mwizi alipofanyia kazi yake.

"Unalala na mito ngapi, Madam?"

"Mmoja."

"Ukiamka, kichwa inauma?"

"La."

"Mchana unasinziasinzia?"

"Daktari, mimi ni mwalimu. Nani kati yetu hasinzii?"

Alicheka akaandika hapana. Barasa alikuwa amekaa kando yangu, mkoba wangu magotini pake, akiutazama.

Ni lazima nieleze habari za Barasa na mkoba. Mume wangu ni fundi wa trekta. Akizungumza kwenye gereji anasikika mpaka barabarani. Lakini shule aliachia darasa la saba, na tangu tulipooana tuna mapatano ambayo hatukuwahi kuyatamka: tukiingia ofisini, mimi ndiye naongea. Kwa mwalimu wa watoto, kwa chifu, benki, hospitalini, yeye hunivutia kiti, hunishikia mkoba, na husema "Madam atawaelezea." Anajivunia hilo. Huwaambia watu kwamba mke wake anajua kujibu. Kwa hivyo nilipomdanganya Chebet, Barasa hakunyamaza kwa uoga. Alinyamaza kwa heshima, na mimi niliijua hiyo heshima na nikaitumia.

Mtihani wa pili ulikuwa Julai, baridi ikituuma hata ndani ya koti. Nilikuwa nimepumzika siku mbili kabla, nimekunywa uji mzito, nimekaa wima kama mpiga picha anangoja. Nilipata themanini na nne. Chebet akaonyesha kitanda kilichokuwa ukutani, akasema angependa kunipima pia nikiwa nimelala chali.

"Mgongo wangu hauwezi leo," nikasema.

Aliniangalia kidogo. "Haya. Next time."

Jioni ile Nanjala aliuliza matokeo kabla sijavua koti.

"Themanini na nne."

"Uliwaambia unalala kwa kiti?"

"Nimekuambia nimepata themanini na nne."

"Mum, hiyo si jibu." Akamgeukia baba yake. "Na wewe Baba, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeshika mkoba," Barasa akasema, na akatoka nje kwenda kuangalia gari la jirani ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Kama unatunza mgonjwa, hapo ndipo nyumba inapoanza kupasuka. Nanjala aliacha kuongea na babake. Babake akaanza kurudi nyumbani akiwa amekwisha kula. Mimi nilikaa katikati na alama zangu, nikiwaona wote wawili hawana shukrani.

Septemba nilianza kupotea mchana. Nilikuwa nasahau neno katikati ya sentensi. Nilimgombeza mtoto kwa kosa la ndugu yake. Halafu siku ya mtihani wa majaribio wa gredi ya sita, nikiwa nimekaa mbele ya darasa na saa ya ukutani juu yangu, nikasema nifunge macho dakika moja. Nilipoyafungua, karatasi zote zilikuwa zimepangwa mezani kwa usawa, dirisha limefunguliwa, na kiranja, msichana mdogo anayeitwa Wanjiku, alikuwa amesimama mlangoni akiwazuia wenzake wasipige kelele nje.

"Tulimaliza, Teacher," alisema. "Hakuna mtu ameongea."

Nilikuwa nimelala saa nzima na dakika kumi. Sijui kama walinakiliana majibu, na nikikumbuka bado naona aibu mpaka masikioni. Mwalimu mkuu alinipa chai, akanishika mkono, akaniambia nikae nyumbani mpaka daktari aseme. Nilitembea kwenda getini nikilia waziwazi, mimi ambaye nilikuwa nawafukuza wanaolia.

Miadi ya tatu iliangukia Oktoba. Huo ni msimu wa kuvuna ngano, ambapo fundi wa mashine hana siku yake. Barasa aliacha mashine ya kuvunia ikiwa imefunguliwa tumbo katikati ya shamba la watu upande wa Mau Narok, akaja kunichukua na pikapu ya kuazima, bila kubadilisha ovaroli. Kwenye benchi watu walisogea kwa sababu ya harufu ya dizeli. Hatukuwa tumesemezana njia nzima. Nilikuwa nahesabu pumzi kimyakimya, namsikiliza mzee fulani akipuliza ndani na Chebet akimpigia kelele, na nawaza kwamba leo nikipata hata sabini na tano nitarudi darasani.

Nilipata sabini na nane.

Daktari wa neva alikuwa ameingia wakati huo, amesimama karibu na mlango na faili langu. Chebet alimwonyesha namba, kisha, mbele yake, akarudia maswali yake. Mto mmoja, nikasema. Kichwa hakiumi, nikasema. Akaonyesha kitanda. Nikaanza kusema habari za mgongo.

"Daktari," Barasa akasema. Ilikuwa ile sauti yake ya gereji. "Samahani. Huyu Madam anawadanganya."

"Baba Nanjala!"

"Ngoja nimalize, Mama Nanjala." Alisimama, mkoba bado uko mkononi. "Mimi hizi vitu zenu sijui. Mimi natengeneza trekta. Mtu akiniletea trekta aseme haina nguvu, siwezi kuipima ikiwa imesimama kwa yadi ya gereji. Kwa yadi kila trekta iko sawa. Naifunga plau, naipandisha mlima, halafu nasikiliza. Sasa huyu mnampima kwa kiti. Kwa kiti yuko sawa! Tangu hiyo mvua ya Aprili huyu hajalala kwa kitanda. Analala kwa kiti ya sebule akiwa amekaa hivi. Asubuhi anashika kichwa, anasema ni homa. Mwezi uliopita amelala kwa mtihani. Huyu! Kwa mtihani!"

Nje kwenye benchi walikuwa wamesikia yote.

Nilimchukia. Nasema ukweli, dakika ile nilimchukia mume wangu kuliko ugonjwa. Niliona amenivua nguo mbele ya watu. Daktari wa neva hakuninyooshea kidole. Alisema tu, "Asante, mzee," na akavuta pazia.

"Madam," Chebet akasema polepole, "lala chali."

Barasa na daktari walinishika mabega wakanilaza. Mara tu kichwa kilipogusa kitanda nilisikia yule mtu mzima akija kukaa kifuani. Niliogopa. Niliitazama dari, ina doa la maji lenye umbo la kiatu, na nikajaribu kuvuta hewa na hewa ikafika nusu ikakwama. Tumbo langu, badala ya kupanda nikivuta, lilikuwa linazama. Chebet aliliona na hakupiga kelele zile za siku zote. Alinong'ona, "Toa... toa... sawa, inatosha." Akarudia mara ya pili kuhakikisha, kisha wakaniinua haraka nikabaki nahema nimemshika Barasa ovaroli.

Arobaini na saba.

Akanifanyia na kipimo kingine ambacho sikuwahi kukiona, cha kunusa. Unawekewa kizibo kidogo kwenye tundu moja la pua, unaambiwa unuse kwa nguvu na la pili. "Nusa haraka, kama umesikia maziwa inaungua," alisema. Nikanusa mara kumi, na ile namba pia ikawa ndogo.

Wengine watakuelezea kwa vitabu. Chebet alinielezea kwa tumbo langu mwenyewe, na hivyo ndivyo nilivyoelewa. Ukikaa, alisema, tumbo linashuka na kukuachia nafasi. Ukilala, linapanda na kuegemea ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Mtu mwenye afya analisukuma bila kujua. Wangu ulikuwa umechoka, hauwezi, kwa hivyo usingizini hewa chafu ilikuwa inabaki ndani, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikinipiga kichwa asubuhi na kunilaza mchana.

"Kwa nini ulinificha?" akaniuliza. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameumia, na hilo lilinichoma zaidi.

"Nilitaka kupita."

"Hii si mtihani, Madam. Hapa hakuna mtu anapewa cheti. Mimi napima ndio nijue ni saa ngapi nikusaidie. Ukinificha, nachelewa."

Siku mbili sikumsemesha Barasa. Alinirudisha nyumbani, akaweka mkoba mezani, akarudi Mau Narok kumalizia mashine ya watu. Alirudi, akala, akaoga. Nilikuwa namjibu kwa kichwa. Nanjala naye alifurahi wazi kwamba babake amesema, akampikia samaki, na hiyo furaha yao ikaniongezea hasira.

Asubuhi ya tatu niliamka kitini mapema kuliko kawaida, mwanga ndio unaingia kwenye pazia. Nikamwona Barasa amelala sakafuni, kwenye mkeka, kichwa chake karibu na mguu wa kiti changu, amejifunika koti la kazi. Nilimgusa kwa kidole cha mguu.

"Unafanya nini hapo?"

Akaamka kama mtu aliyekamatwa akiiba. "Nimelala."

"Kitanda kina nini?"

Alijikuna kichwa. "Nimekuwa nikilala hapa tangu Aprili. Ukishika usingizi nakuja, kabla uamke naondoka. Ungeacha kupumua, ningejulia wapi nikiwa huko chumbani?"

Miezi sita. Mtu wa miaka hamsini na nane, mwenye magoti mabovu, kwenye saruji ya Njoro mwezi wa Julai. Mimi ndani ya kichwa changu nilikuwa nasema hajali, anarudi akiwa amekula. Nililia mpaka nikakosa pumzi, ikabidi aninyanyue mikono juu ndipo niweze kuvuta hewa. Nikamwomba msamaha, nami si mtu wa kuomba msamaha. Yeye akaniuliza kama sasa anaweza kupigia hospitali waseme lini twende kuchukua mashine. Nikasema leo.

Sitakudanganya kuhusu mashine. Majuma mawili ya kwanza nilitaka kuitupa kwenye choo cha shimo. Barakoa ilinichubua daraja la pua. Hewa ilinikausha mdomo, ikaingia tumboni nikavimba kama mtoto mwenye minyoo. Mara ya kwanza nilivumilia dakika kumi na tano, nikaivua, nikamtukana Barasa, Nanjala, na kampuni iliyoitengeneza. Chebet aliniambia nianze kuivaa mchana nikisikiliza redio, nusu saa, halafu saa moja, na asibadilishe mtu hata kitufe bila kumuuliza. Barasa alijifunza ile mashine kama anavyojifunza injini: aliisikiliza. Alijua kwa sauti kama barakoa inavuja upande wa kushoto au kulia. Na kwa sababu stima ya kwetu hupotea wingu likipita tu, aliunganisha betri ya trekta na kigeuzi cha umeme kando ya kitanda, akawaita mafundi wenzake waje waone. Nilikuwa mgonjwa wa kwanza kutembelewa na watu wanaotaka kuona betri yake.

Halafu asubuhi moja ya Novemba niliamka na nikabaki nimelala, nikijiuliza ni nini hakipo. Kilichokosekana ni maumivu ya kichwa. Nilikuwa kwenye kitanda changu, kwenye mito miwili, Barasa akikoroma upande wake, na kichwa kilikuwa chepesi kabisa. Nilisikia njaa. Nilikula ugali wa asubuhi na sukuma wiki iliyolala, nikamaliza, nikaomba tena. Siku hiyo nilisahihisha barua ya Nanjala ya kuomba nafasi ya mafunzo kazini, nikapata makosa kumi na moja, na yeye akamkimbilia babake akipiga kelele, "Mum amerudi!"

Nimerudi, ila si mzima. Sasa ni mvua ndefu za mwaka wa pili. Miguu imekwenda, niko kwenye kiti cha magurudumu. Shati nafungwa vifungo, chakula nakatiwa. Sauti imeshuka, nikiongea sana inabidi nipumzike kati ya maneno, na kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni adhabu kamili. Namba za Chebet zinaendelea kushuka, na siku za kupimwa bado moyo hunidunda. Ubaya wa ugonjwa haujaisha. Kilichoisha ni ubaya wa kuuficha, na mimi nakuambia huo wa pili ulinichosha kuliko wa kwanza.

Kwa hivyo, wewe uliye na ile karatasi mkononi, nitakusemesha kama mwalimu. Nenda ukapimwe hata kama unajisikia vizuri. Wakikupima umekaa, waulize habari za kulala. Kama midomo yako imelegea na hewa inavuja kando ya mrija, sema, kwa sababu wanaweza kukupima kwa pua. Maumivu ya kichwa asubuhi si baridi ya Njoro. Na usiende peke yako. Nenda na yule anayekusikia ukilala, hata kama hajui kujieleza mbele ya koti jeupe, na umpe ruhusa ya kuongea kabla hajalazimika kuichukua mwenyewe. Mashine si Jumanne. Kwangu imekuwa miezi mingi ya Jumanne, nami ninazo bado.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye benchi lile lile nikingoja zamu. Kando yangu alikaa mwanamume wa miaka sitini hivi, mkulima wa viazi kutoka Molo, fimbo kati ya magoti, vidole vyake vimekunjika kama vyangu vilivyoanza kukunjika. Mke wake alikuwa upande wa pili, kimya, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Ndani Chebet alikuwa anamshangilia mtu. Yule mzee alisikiliza, akahesabu zile "toa" kwa kidole, kisha akaniinamia.

"Madam, naona wewe ni wa zamani hapa. Hiyo kitu wanauliza nini? Nipe leakage kidogo nipite."

Nilipigana na neno hilo, la wizi wa maswali ya mtihani, maisha yangu yote. Nimewahi kumripoti mwalimu mwenzangu kwa ajili yake, na hakunisalimia tena mpaka akastaafu.

"Wataanza na mito," nikamwambia. Ilibidi nipumzike. "Unalala na mito mingapi. Halafu kichwa, asubuhi. Halafu kama unasinzia mchana. Halafu watakuambia ulale chali, na wewe utataka kusema mgongo unauma."

Alinitazama kwa mshangao, kisha akatabasamu kama mtoto aliyepata karatasi kabla ya wengine. "Sasa nijibu aje?"

Mkono wangu hauwezi tena kuinuka kuonyesha kitu. Nilimwonyesha kwa kidevu.

"Muulize huyo," nikasema. "Majibu yote anayo."

Mke wake alikuwa amesikia kila neno. Alikaza fundo la kitambaa chake.

"Nne," akasema. "Analala na mito nne, na mimi silali."

Mzee alimgeukia mkewe. Mlango ukafunguliwa, Chebet akaita jina lake, na kabla mzee hajaiegemea fimbo, mke wake alikuwa ameshasimama.